Mtoto wa Kutunza Viatu

Hotuba kwa walimu wa sanaa, wakuu wa shule za msingi na wazazi, mkoani Pwani

Ndugu mgeni rasmi, walimu wakuu, walimu wenzangu wa sanaa, wazazi, nanyi wanafunzi mliokaa safu ya mbele, itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo. Mkalimani wetu wa lugha ya alama, nakushukuru, na nikienda mbio ninyooshee mkono nipunguze mwendo.

Nataka kuanza na habari ya viatu.

Zamani kidogo nilikuwa nafundisha ngoma katika shule moja ya msingi ambayo sitaitaja. Tulikuwa tunajiandaa kwa mashindano ya shule za wilaya, na tulichagua bugobogobo, ile ngoma ya majembe ya Wasukuma. Kila siku saa tisa alasiri watoto walivua kandambili na viatu, wakaingia uwanjani. Alikuwepo binti mmoja wa darasa la tano aliyetembelea magongo mawili. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Nikaona nimpe kazi. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe utatutunzia viatu." Nilisema kwa upendo, na moyoni niliamini nimemshirikisha.

Akavitunza. Alivipanga kwenye kivuli cha mwembe, jozi kwa jozi, kuanzia vidogo hadi vikubwa, visigino vyote vimeelekea shina. Wiki ya tatu nilirudi pale kuchukua filimbi niliyoisahau, nikamkuta ameketi chini, amevaa kandambili mikononi, anapiga ardhi. Alikuwa anapiga sehemu ile ile ambayo wapiga ngoma wangu wawili walikuwa wakiikosea kila siku, pale wimbo unapogeuka na majembe yanatakiwa kupanda juu kwa pamoja. Yeye aliipata. Mabega yake yalikuwa yanacheza, shingo inacheza, macho ameyafumba. Aliponisikia akazivua zile kandambili upesi, akazirudisha kwenye mstari.

Mtadhani siku ile ile nilimwingiza kikundini. Hapana. Yalikuwa yamebaki majuma mawili tukashindane, nikajiambia muda hautoshi. Binti yule alimaliza darasa la saba akiwa mtunza viatu wetu. Jambo hili sijalitua mpaka leo, na ndilo lililonifanya nikubali kusimama mbele yenu.

Walimu wenzangu, sisi si wakatili. Tungekuwa wakatili ingekuwa rahisi kutusema. Sisi tuna huruma, na huruma yetu ina msamiati wake, kila mmoja hapa anaujua: "Huyu mwacheni apumzike." "Huyu asije akaumia bure." "Huyu akae na mimi hapa kivulini." Basi mtoto anapumzishwa Jumanne, anapumzishwa Alhamisi, anapumzishwa muhula mzima, naye hakuomba kupumzika hata siku moja.

Kisha inakaribia tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu. Hapo tunawatafuta. Watoto wale wale tuliowapumzisha tangu Januari wanashonewa sare, wanakaririshwa wimbo mmoja kwa siku tano, wanapandishwa jukwaani mbele ya mgeni rasmi. Ukumbi unatokwa machozi. Watu wanainuka kwenda kuwatunza noti. Wimbo umetoka nje ya ufunguo, lakini hakuna anayesema, na mwalimu mwenyewe ndiye anayepiga makofi kuliko wote. Jioni sare zinakusanywa zinafungiwa stoo. Watoto hawa tunawapa jukwaa, ila somo tunawanyima. Na mimi nimekuja kuomba somo: kipindi kile cha kawaida cha katikati ya wiki, chenye jasho, chenye kurudia, chenye mwalimu anayesema "hapo umekosea, rudi mwanzo."

Wazo hili si geni na wala si la hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata tukatunga Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 30 ya mkataba ule inazitaka nchi ziwape watu wenye ulemavu nafasi ya kukuza na kutumia vipaji vyao vya sanaa, na inaongeza kwamba faida si yao peke yao, jamii nzima inatajirika. Naomba mgeni rasmi aushike huo mwisho. Mkataba unasema sisi wengine ndio tunaopungukiwa watoto hawa wakikaa kivulini.

Watu wa umri wangu mna ushahidi wake masikioni. Mnazikumbuka ngoma zilizokuwa zikitangulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam? Baba alikuwa akisikia ngoma zile anainua mkono, nyumba nzima inanyamaza. Aliyezipiga ni Mzee Morris Nyunyusa, na Mzee Nyunyusa alikuwa haoni. Alizipanga ngoma zake zikamzunguka, kubwa kwa ndogo, akazipiga peke yake kwa namna ambayo msikilizaji angeapa ni kikundi. Nchi nzima ilipangiwa saa na mikono ya mtu asiyeona. Sasa nauliza, na nauliza kwa uchungu: ni mtoto gani asiyeona katika shule zenu ambaye amewahi kukalishwa katikati ya ngoma zilizopangwa vile, akashikwa mkono, akaonyeshwa ipi iko wapi na kwa nini?

Sasa niingie darasani, maana najua swali lenu ni la darasani. Mnataka kujua inafanyikaje.

Nianze na kiziwi na ngoma, kwa sababu hapo ndipo ninapobishiwa zaidi. "Atachezaje ngoma asiyoisikia?" Mlete mtoto, mwekee kiganja ubavuni mwa ngoma kubwa, piga taratibu. Kiganja kitamwambia. Kisha mvue viatu umsimamishe juu ya sakafu ya mbao, na ngoma nayo ikae juu ya mbao hizo hizo. Nyayo zitamwambia, na ngoma ikiwa nzito hata kifua kitamwambia. Evelyn Glennie wa Uskoti, mpiga ngoma anayejulikana duniani kote, alipoteza usikivu akiwa mtoto, na hadi leo hupanda jukwaani pekupeku ili mapigo yampande kutoka chini. Saruji haina msaada huo, na madarasa yetu karibu yote ni saruji. Basi tafuteni mbao chakavu, hata zile za makreti ya mizigo, mpigilie jukwaa dogo la kimo cha shubiri moja, lenye uwazi chini yake. Upana wa mikeka miwili unatosha kuanzia. Fundi wa mtaani anaimaliza kazi hiyo kwa siku moja.

Kuna kosa nililokuwa nalifanya, na aliyenionyesha ni mwalimu mwenzangu ambaye ni kiziwi. Nilikuwa nahesabu kwa mdomo huku nimewapa watoto mgongo. Akanisimamisha, akaniambia kwa alama: "Wewe unajihesabia mwenyewe." Tangu siku ile nahesabu kwa mkono ulioinuliwa, nawaelekea, na ninaweka viongozi wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, ili safu ikigeuka kila mtoto bado awe na mtu wa kumtazama. Jambo dogo kabisa, lakini kabla ya hapo kila tulipogeuka kikundi kilivunjika, na mimi nikawa nasingizia masikio yao.

Na tusiishie kwenye kucheza. Tumezoea kuwapa viziwi wimbo wetu wautafsiri kwa alama, basi. Wao wana mashairi yao. Shairi la lugha ya alama lina vina: umbo moja la mkono linarudi na kurudi kama kina kinavyorudi mwisho wa mshororo, na lina mizani kwa jinsi mkono unavyokwenda na kutua. Sisi tuliokuzwa na vina, mizani na kibwagizo tulitakiwa tuwe wa kwanza kuliona hilo. Mpe mtoto kiziwi muda atunge, asitafsiri tu.

Nije kwa wasioona na uchoraji. Hapa naomba mnivumilie nisimulie kisa kimoja kwa kirefu.

Nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la nne, haoni tangu azaliwe. Zoezi la siku hiyo lilikuwa "chora nyumbani kwenu." Nikampa kipande cha kadibodi, uzi wa katani, gundi ya uji wa muhogo, na kapu la vikorokoro: mchanga, vizibo vya soda vilivyopondwa, vipande vya kanga, maganda ya korosho. Wenzake wakachora kile tunachokijua sote: mlango katikati, madirisha mawili, paa la pembetatu, jua pembeni. Yeye akabandika uzi mrefu unaopinda mara mbili. Kando ya uzi akamwaga mchanga. Mbele kidogo kizibo. Mwisho wa uzi, kipande cha kanga, amekigandisha upande mmoja tu ili kininginie. Nikamuuliza, "Nyumba iko wapi?" Akakishika kidole changu akakipitisha. "Hapa natoka barabarani, Mwalimu. Hapa pana mchanga, fimbo yangu inazama. Hapa ndipo pa kukata kona. Hapa ni mabati ya jirani, mchana yanatoa joto, nikilisikia najua nimekaribia. Na hili ni pazia la mlango wetu."

Alikuwa amenichorea nyumba kwa jinsi unavyoifikia. Mimi nimesomea uchoraji, nimefundisha kuchora kwa mistari inayokutana mbali, kwa kivuli na mwanga, na haijawahi kunipitia akilini kwamba nyumba inaweza kuchorwa kuanzia barabarani. Wiki iliyofuata niliwaambia darasa zima wafumbe macho wachore kwa uzi njia ya kwenda kwao. Wengi walikwama kona ya kwanza.

Na nilimkosoa. Kona ya pili uzi ulikuwa umeachia kwa sababu gundi hakuiacha ikauka, nikamwambia airudie. Akanuna kama wenzake wanavyonuna, akairudia. Ule mnuno ulinifurahisha kuliko makofi yote ya tarehe 3 Desemba.

Niseme neno moja juu ya nukta nundu, yale maandishi ya vitone vilivyoinuka ambayo wasioona huyasoma kwa vidole. Louis Braille alipochapisha mfumo wake mwaka 1829, noti za muziki zilikuwemo humo humo. Yeye mwenyewe alikuwa akipiga kinanda cha kanisani mjini Paris. Kwa hiyo nukta nundu ya muziki ina umri sawa na nukta nundu ya herufi. Lakini walimu wengi niliokutana nao wanaijua ya herufi na ya hesabu, ya muziki hawajawahi kuigusa, na mtoto asiyeona anafundishwa kila wimbo kwa kukariri. Kukariri si vibaya. Ubaya ni pale ambapo hana njia nyingine, ambapo hawezi kukaa peke yake na karatasi akajifunza wimbo ambao hakuna mtu wa kumwimbia.

Mengine nayapitia haraka kwa sababu ni mepesi kuliko mnavyodhani. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye brashi inamponyoka: vingirisha mpini wake kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli mpaka unenepe, na karatasi ibandike mezani isikimbie. Akitaka kuchora kwa mguu, weka karatasi chini. Mtoto mwenye ualbino: mistari mizito myeusi, akae mbele mbali na mng'aro wa dirisha, na mazoezi ya ngoma yafanyike asubuhi mapema au jioni. Kumchezesha juani saa saba mchana ni kumuumiza ngozi, na kofia ya mashindano iwe na ukingo mpana hata kama majaji hawaipendi. Mtoto mwenye usonji: mwonyeshe kwa picha kitakachofuata, mwache aizoee ngoma kabla haijapigwa, muwekee kona ya kukimbilia kelele zikimzidi, na usimlazimishe kushikana mikono. Mwenye ulemavu wa akili: hatua moja leo, hatua hiyo hiyo kesho, ya pili wiki ijayo.

Na yule wa magongo? Yule wa kiti mwendo? Hapa naona aibu kubwa zaidi, kwa sababu jibu lilikuwa kwetu siku zote. Nendeni Zanzibar mkaangalie Maulidi ya Homu. Watu wanakaa safu moja, wamepiga magoti, matari yanapigwa, na mwili wa juu ndio unaocheza. Mikono inakwenda, mabega yanakwenda, vichwa vinainama na kuinuka kwa pamoja kama mawimbi, na hakuna mtazamaji anayewaza miguu. Sanaa hiyo inachezwa pwani hii hii. Mimi nilikuwa nimeiona kwa macho yangu kabla sijamfundisha yule binti, na bado nikamwambia atunze viatu.

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta Sanaa na Michezo kama somo la shule ya msingi. Nafurahi sana, kwa sababu sanaa imetoka kwenye kujaza muda wa Ijumaa. Lakini somo linakuja na upimaji, na hapo nina hofu. Mtoto aliyepumzishwa atapata sifuri, au atapewa alama za kuonewa huruma, na zote mbili zinamwambia hayumo. Dawa yake ni kuliangalia swali upya. Ukiandika "chora chungu," umemfungia nje asiyeona. Ukiandika "onyesha umbo la chungu kwa njia unayoiweza," mmoja atachora, mwingine atafinyanga, mwingine atabandika uzi, na bado utajua nani anaelewa shingo ya chungu inavyokaa juu ya tumbo lake. Ukiandika "imba," mruhusu kiziwi aimbe kwa mikono, umpime kwa mapigo na kwa hisia. Kipimo ni kile kile, ni mlango tu tunaouongeza.

Wazazi, sasa nageuka kwenu, na nageuka kwa heshima. Nimekaa sebuleni kwa baba mmoja kumwomba mwanawe asiyeona abaki mazoezi ya kinanda baada ya masomo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, unataka mwanangu akaimbe stendi?" Nilimwelewa. Ameona wangapi wasioona wakiimba kando ya mabasi na kopo mbele yao, na kwake muziki na kopo ni kitu kimoja. Nilimjibu hivi, na nawajibu nyinyi pia: anayeimba stendi mara nyingi ni yule ambaye hakuna aliyemfundisha zaidi ya hapo. Mwanao akifundishwa vizuri ataweza kusoma noti, ataweza kufundisha wengine, ataweza kurekodi na kuisajili kazi yake COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ili jina lake lisiibwe. Baba yule alikubali kwa sharti moja, kwamba kijana asitumbuize kwenye sherehe yoyote ya shule mpaka awe amejua kweli. Nililiheshimu sharti hilo. Ni sharti la mtu anayetaka mwanawe afundishwe.

Ndugu mgeni rasmi, nina maombi matatu na nitayasema kifupi kwa sababu yanajieleza. La kwanza ni la ngazi. Majukwaa mengi ya kumbi zetu, likiwemo hili nililosimama, yana ngazi tatu nne na hayana njia ya mteremko. Nimeshuhudia mtoto akibebwa na wanaume wawili hadi juu, gauni limempanda, ukumbi mzima unaangalia, kisha tunamtaka atabasamu aimbe. Kabla ya kununua spika mpya, jengeni mteremko. La pili ni la walimu. Tuna walimu wa elimu maalumu wanaofundwa chuo cha Patandi kule Arusha, na tuna wasanii wanaofundwa hapa Bagamoyo, TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, chuo chenye historia ya tangu 1981. Mmoja anamjua mtoto, mwingine anaijua sanaa. Wakutanisheni hata kwa muhula mmoja wa mazoezi, washike darasa moja pamoja. La tatu ni la bajeti: katika ile fedha ya uendeshaji wa shule, vifaa vya Sanaa na Michezo viwe na fungu la udongo wa mfinyanzi, uzi, kadibodi na mbao. Ni vitu vinavyopatikana sokoni, lakini visipoandikwa kwenye mpango wa shule havitanunuliwa.

Nimekaribia mwisho. Mmewaona wanafunzi hawa wa safu ya mbele, na ratiba mliyonayo mkononi imeandika "burudani." Naomba radhi kwa mwandaaji, lakini nimezungumza nao na hawataki kutumbuiza. Ni wanafunzi viziwi wa darasa la sita na la saba, na wameomba wafundishe. Zile mbao mnazoziona pale katikati tumezipigilia jana. Watakuja kuwachukua nyinyi walimu wakuu na wazazi, watu kumi kumi. Mtasimama juu ya mbao, ngoma itapigwa nyuma yenu msipoiona, na wao watawaonyesha kwa mkono pale mtakapokosea. Msiogope kurudishwa mwanzo, hawana haraka.

Mgeni rasmi, umeitwa wa kwanza. Binti yule aliyeinua mkono ndiye mwalimu wako. Tafadhali vueni viatu, na muviache hapo hapo chini ya viti vyenu, kwa sababu leo hatujampangia mtoto yeyote kuvitunza.